Mzee Aliyesahau: Mtoto na Mkongwe katika Hadithi ya Mem Fox

Katika fasihi ya Kiswahili mzee amezoeleka kuwa mhusika anayetoa. Hutoa wasia, hutoa ngano, hutoa radhi au laana, na mtoto anayeketi mkabala naye hana kazi ila kupokea na kuhifadhi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipoutunga utendi wake mnamo 1858 hali maradhi yamemlemea, alimwita bintiye asogee karibu na wino na karatasi: mama aseme, binti aandike. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliufuata mkondo uo huo, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Katika ngano za jioni mpangilio haubadiliki: bibi ndiye fanani, wajukuu ndio hadhira. Mpangilio huu umekita mizizi hivi kwamba unaficha swali ambalo mhakiki wa fasihi ya watoto hana budi kulikabili. Mzee huyo akisahau, inakuwaje?

Swali hili huzidi uzito likiwekwa kando ya kauli mashuhuri ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyoitoa mbele ya UNESCO mnamo 1960, inayofananisha kifo cha mzee wa Kiafrika na kuteketea kwa maktaba. Kauli hiyo ilikuwa na kazi muhimu katika wakati wake. Iliitetea fasihi simulizi mbele ya watu waliodhani kwamba lisiloandikwa halipo, na wahakiki wa Afrika Mashariki wameitumia kwa haki katika kudai nafasi ya masimulizi kwenye vyuo vikuu. Hata hivyo, jazanda hii ina gharama yake. Inamheshimu mzee kwa sababu ya shehena aliyoibeba, na anayeheshimiwa kwa shehena hubaki mtupu siku shehena inapoanguka njiani. Maktaba iliyoungua huliliwa mara moja, kisha watu hutawanyika. Je, yule mkongwe ambaye maktaba yake imekwisha kuteketea ilhali yeye angali hai, anayeketi barazani akimwuliza jina mwana aliyemzaa mwenyewe, ana nafasi gani katika ujumi wa namna hii?

Wilfrid Gordon McDonald Partridge, hadithi ya watoto iliyotungwa na Mem Fox na kuchapishwa Australia mnamo 1984 ikiwa na picha za Julie Vivas, inalijibu swali hili kwa njia ambayo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili angefaidika kuitazama kwa makini. Ni kitabu cha kurasa chache, kinachoweza kusomwa chote kwa dakika kumi, na yamkini wapo watakaoshangaa kukiona kikijadiliwa katika jarida la idara. Mshangao huo wenyewe ni sehemu ya tatizo. Fasihi ya watoto imeachiwa walimu wa shule za msingi na wachapishaji wanaotafuta idhini ya wizara, kana kwamba mtoto hujifunza kumtazama mzee kutoka mahali pengine.

Muhtasari wa hadithi ni huu. Mtoto mdogo mwenye majina manne anaishi jirani na nyumba ya wazee. Anawajua wakazi wake kwa majina na kwa tabia: Bi Jordan hupiga kinanda, Bwana Hosking husimulia hadithi za kutisha, Bwana Tippett ana wazimu wa kriketi, Bi Mitchell hutembea kwa mkongojo, Bwana Drysdale ana sauti kama ya zimwi. Anayempenda kuliko wote ni Bi Nancy Alison Delacourt Cooper, mwenye umri wa miaka 96, kwa sababu naye ana majina manne. Siku moja anawasikia wazazi wake wakimsikitikia bibi huyo kwamba amepoteza kumbukumbu. Anauliza kumbukumbu ni kitu gani. Anawazungukia wale wazee watano na kupata majibu matano, kisha anarudi nyumbani kutafuta vitu vinavyolingana na majibu hayo. Anavitia kikapuni, anampelekea Bi Nancy, naye Bi Nancy akivishika kimoja baada ya kingine anakumbuka.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni majina. Msingi wa urafiki huu si huruma. Mtoto hampendi Bi Nancy kwa kuwa ni mkongwe, mpweke au mgonjwa. Anampenda kwa kuwa wamelingana kwa idadi ya majina. Mtu mzima ataliona hilo kuwa jambo dogo, lakini ndilo uti wa mgongo wa hadithi, kwa maana linawaweka wawili hawa katika ngazi moja kabla ya neno lolote kusemwa kuhusu kupoteza. Masikitiko ya wazazi huja baadaye, tena huja kutoka nje ya urafiki. Kuna tabaka jingine la maana. Jina la mtoto huyu ni jina la baba yake Mem Fox mwenyewe. Fox alizaliwa Melbourne mnamo 1946, akapelekwa angali mchanga katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akakulia katika misheni ya Hope Fountain karibu na Bulawayo. Kumpa mtoto jina la mzee ni tendo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa. Miongoni mwa Wakikuyu, kwa mfano, mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na babu huyo humtazama mjukuu kama nafsi yake iliyorudi. Si lazima kudai kwamba Fox aliipata desturi ya namna hii barani Afrika. Dai hilo lingekuwa rahisi mno. Inatosha kuona kwamba mzee na mtoto wamekwisha kukutana ndani ya jina moja kabla hadithi haijaanza.

Swali la mtoto nalo linatokana na kutoelewana kwa aina fulani. Wazazi wanazungumzia uwezo wa akili. Mtoto anasikia habari ya kitu kilichopotea, na kwa mtoto kitu kilichopotea hutafutwa. Kiswahili kinaibeba tofauti hii vizuri, maana neno kumbukumbu hutumika kwa uwezo na kwa kile kinachokumbukwa vilevile, na kitenzi kupoteza hukubali yote mawili: mtu hupoteza fahamu na hupoteza kalamu. Jibu la baba, kwamba kumbukumbu ni kitu ambacho mtu hukikumbuka, ni la mzunguko kama zilivyo fasili nyingi za kamusi, na mtoto hatosheki nalo. Wazee ndio wanaofasili kwa kuhisi. Kumbukumbu ni kitu chenye joto, ni kitu cha zamani, ni kitu kinacholiza, ni kitu kinachochekesha, ni kitu chenye thamani kama ya dhahabu. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba kumbukumbu ni hekima. Hakuna anayesema kuwa ni historia ya jamii, au mafunzo, au akiba ya vizazi. Hapa ndipo kitabu kinapoachana na maktaba ya Hampâté Bâ bila hata kugombana nayo.

Sarufi ya Kiswahili inasaidia kukiona kinachofuata. Kukumbuka ni tendo ambalo mtu mmoja aweza kulitenda peke yake gizani. Kukumbusha kunahitaji watu wawili. Kukumbushana hakuwezi hata kusemwa pasipo usawa fulani baina ya watendaji. Mapokeo ya wasia yamekaa juu ya kitenzi cha kwanza: mzee akumbuke ili mtoto ajue. Fox anahamia kitenzi cha pili na mwishoni, kama itakavyoonyeshwa, anakifikia cha tatu. Wala hatua hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Fanani anapofungua ngano kwa paukwa, hadhira ndiyo inayoitika na kuukamilisha mwanzo. Na yeyote aliyeketi na wajukuu wanaosimuliwa hadithi ile ile kwa mara ya ishirini anajua kwamba bibi akiruka tukio, watoto humrudisha papo hapo, tena kwa ukali. Mtoto mkumbushaji yumo tayari ndani ya utendaji wa fasihi simulizi. Ni katika fasihi andishi ambamo amekuwa nadra.

Kikapu chenyewe kinastahili kusomwa polepole. Ndani yake mna kombe za baharini alizookota mtoto zamani, yaani msimu wa joto uliopita. Mna kikaragosi cha nyuzi ambacho humchekesha kila mtu. Mna medali aliyopewa na babu yake. Mna mpira wake, ambao kwake ni dhahabu. Na mwisho mna yai lililochukuliwa chini ya kuku, lingali na joto. Hakuna kilichonunuliwa. Hakuna kilichoombwa kwa wazazi. La kuvutia zaidi ni kinaya kilichomo: mtoto asiyejua kumbukumbu ni nini anazo zake tele. Msimulizi anasema kwamba mtoto aliikumbuka medali ile kwa huzuni, basi, halafu anaendelea na safari. Babu mwenyewe hatajwi tena popote. Msomaji makini atang'amua kwamba yupo mzee mwingine katika hadithi hii, mzee asiyekuwepo, na kwamba mtoto amekwisha kupoteza mtu kabla ya kujifunza neno la kulieleza pengo hilo. Kuhusu zamani ya msimu wa joto uliopita, msimulizi hacheki. Kwa mtoto mdogo mwaka mmoja ni zamani za kale, na Fox anaipa zamani hiyo hadhi ile ile anayoipa zamani ya mtu wa miaka 96.

Bi Nancy anapokea vitu hivi kwa mpangilio mwingine kabisa. Lililotiwa mwisho ndilo la kwanza. Analishika yai na kuzungumzia mayai madogo ya samawati yenye madoadoa aliyowahi kuyaona katika kiota bustanini kwa shangazi yake. Analiweka kombe sikioni na kukumbuka safari ya pwani kwa tramu, na joto lililompata ndani ya buti za vifungo. Anaigusa medali na kumtaja kwa huzuni kaka yake mkubwa aliyekwenda vitani asirudi. Anakitabasamia kikaragosi na kumkumbuka mdogo wake wa kike aliyecheka kinywa kikiwa kimejaa uji. Kila kumbukumbu inapitia kiungo cha mwili: kiganja, sikio, kidole. Hakuna aliyemhoji. Mtoto hamjaribu kwa maswali ya leo ni siku gani na mimi ni nani, maswali ambayo jamaa wenye nia njema huwatesa nayo wazee wao kila wanapowatembelea.

Tena kilichopokewa sicho kilichotumwa. Mtoto alichukua yai kwa sababu ya joto lake. Bi Nancy anajibu kwa rangi. Alichukua kombe kwa sababu ya ukale wake; Bi Nancy anajibu kwa buti za vifungo. Kama vitu hivi vingekuwa ishara zenye maana moja iliyofungwa, kama wanavyofundishwa wanafunzi wengi kuorodhesha ishara katika mitihani, hadithi ingekwama hapo. Mtoto hampi Bi Nancy kumbukumbu. Anampa nafasi ya kukumbuka, na kinachoijaza nafasi hiyo ni cha bibi mwenyewe.

Vitu kama hifadhi ya kumbukumbu si jambo jipya kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi ya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, anaupitisha moyo wake katika majumba ya Pate yaliyobomoka, na madaka yaliyowahi kupangwa vyombo vya kauri sasa yamekuwa malazi ya makinda ya ndege. Huko pia kitu ndicho kinachoamsha, si hoja. Lakini daka la Pate halina mtoaji. Hakuna mkono unaolinyoosha kumwelekea mtu. Moyo unalitazama peke yake na kuonywa kwamba dunia ni pito. Kiota katika Al-Inkishafi ni dalili ya kwisha. Kiota katika bustani ya shangazi yake Bi Nancy ni kitu cha kwanza kilicho hai kurejea. Kulinganisha si kupima ni ipi iliyo bora, maana tungo hizi mbili zina shabaha mbalimbali: moja inaifungua nafsi kutoka duniani, nyingine inairudisha duniani kwa muda. Kinachozitenganisha hasa ni kuwepo kwa mtu wa pili. (Vyombo vya nyumbani katika ushairi wa pwani, na kazi yavyo kama wabebaji wa wakati, ni mada ambayo ingetosha tasnifu nzima.)

Kimebaki kitu cha tano. Bi Nancy anaudundisha mpira kumwelekea mtoto, na anachokikumbuka ni siku alipokutana na mtoto huyo na siri zote walizoambiana. Wasomaji wengi huenda wakaipita sentensi hii haraka kwa kuwa inapendeza, ilhali ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Ugonjwa aliouelezea Alois Alzheimer mnamo 1906, na namna nyingi za usahaulifu wa uzeeni zinazofanana nao, huanza kwa kuyala mambo ya karibuni. Ya utotoni hukawia kuondoka. Hivyo kiota, tramu, kaka na uji ni kumbukumbu ambazo daktari yeyote angezitarajia. Urafiki wa juzi na jana usingetarajiwa. Fox anauweka mwishoni, na anauunganisha na kile kitu ambacho kwa mtoto kilikuwa na thamani kuliko vyote. Katika zile kumbukumbu nne za mwanzo mtoto ni msikilizaji wa habari za watu wasiokuwepo tena. Katika ya tano yeye mwenyewe yumo. Mpira umerudi kwake. Hapa ndipo kukumbusha kunapogeuka kuwa kukumbushana, na hapa ndipo inapobainika kwamba uzito wa Bi Nancy katika hadithi haukuwa kwenye hazina ya kale iliyofukuliwa, bali katika uwezo wake, hata akiwa na miaka 96 na akili inayovuja, wa kuwa sehemu ya jambo jipya. Siri zenyewe msomaji haambiwi. Fox ana adabu hiyo.

Kitabu hiki hakikosi dosari, na dosari yake kubwa ni hatari kwa msomaji kilichomlenga. Kinafunga kwa kutangaza kwamba kumbukumbu iliyopotea imepatikana. Ni mwisho mtamu, lakini ni mwisho unaodanganya. Mtoto ambaye bibi yake mwenyewe ameketi nyumbani kimya atakwenda bandani, atachukua yai, atamtilia kiganjani, na bibi atalitazama na kuuliza ni la nani. Huyo mtoto afanyeje na kitabu? Aone kwamba alikosea yai? Mantiki ya ndani ya hadithi ingeweza kumjibu, kwa kuwa urafiki ulisimama juu ya majina manne na si juu ya kumbukumbu. Bi Nancy angebaki rafiki hata kama kikapu kizima kisingemwambia kitu. Lakini msuko hauthubutu kuijaribu mantiki hiyo. Ulikuwa na fursa, ukaiacha kwa ajili ya furaha ya ukurasa wa mwisho.

Mhakiki mwenye mwelekeo wa kiyakinifu ataongeza swali jingine, naye atakuwa na haki. Nani anamwogesha Bi Nancy? Nani anabadilisha mashuka, anachemsha uji wa leo? Katika maandishi ya Fox wafanyakazi wa nyumba ile hawapo kabisa, na nyumba inajiendesha kama majumba ya ngano. Pengo hili lina maana ya pekee kwa msomaji wa Kenya, kwa sababu kazi ya kuwatunza wazee katika nchi tajiri imekuwa ikifanywa kwa kiasi kikubwa na wahamiaji, Wakenya wakiwa miongoni mwao, na mnamo 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kuajiri wauguzi wa Kenya huko. Bi Nancy wa leo huenda analala salama kwa sababu mama fulani kijijini Afrika Mashariki amebaki bila binti wa kumshika mkono. Si kosa la kitabu cha 1984 kutolijua hilo. Ni kosa la mhakiki wa leo kulinyamazia.

Upande wa pili, kuna jambo dogo ambalo Fox analifanya na ambalo lina uzito Pwani ya Kenya kuliko hata huko Australia. Bwana Hosking anasimulia hadithi za kutisha, na Bwana Drysdale ana sauti ya zimwi, lakini mtoto hawaogopi. Kitisho kimo katika hadithi. Hakimo katika msimulizi. Fasihi simulizi imekuwa na uzembe katika kuitunza tofauti hii. Ajuza wa ngano mara ni mshauri wa mwana wa sultani, mara ni kuwadi, mara ni mchawi mwenye macho mekundu, na mtoto anayezisikia ngano hizo huondoka na picha ya mvi na mgongo uliopinda kama alama za uovu. Hata riwaya haijajinasua. Bi Farashuu katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ni mzee anayekumbuka mno, na kumbukumbu yake ni silaha ya kisasi inayomtumia kijana Maimuna kama risasi. Ni usawiri wenye nguvu, lakini hauna mwenzake wa kuusawazisha. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingine na jamaa zao wenyewe, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze. Mzozo wa ardhi ndio chanzo kinachotajwa mara nyingi, na hadithi peke yake haiui mtu. Hata hivyo, muuaji hakosi lugha ya kujitetea kwayo, na lugha hiyo ameisikia tangu utotoni.

Kuhusu nyumba za wazee zenyewe, haitoshi tena kusema kwamba ni jambo la Wazungu. Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa na Jeanne Jugan nchini Ufaransa mnamo 1839, wana Nyumba ya Wazee huko Kasarani, na Nairobi ina Mji wa Huruma. Unguja ina Sebleni na Welezo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Shule nazo hufika kwenye makao ya namna hii. Mtindo uliozoeleka unajulikana: basi linaingia asubuhi, wanafunzi waliovaa sare wanaimba nyimbo mbili, magunia ya unga na katoni za sabuni zinakabidhiwa, picha zinapigwa, na basi linaondoka. Si haki kuubeza unga. Mzee mwenye njaa hana haja na kombe za baharini. Lakini unga hununuliwa na mzazi na hukabidhiwa na mwalimu, na mtoto aliyeimba hajui jina hata moja la aliyemwimbia. Wilfrid hafanyi ziara. Yeye ni jirani, na ujirani una kesho yake. Katika mji wa Seattle, Marekani, kituo cha watoto wadogo kimekuwa ndani ya makao ya wazee tangu 1991, watoto na wakongwe wakikutana siku za kazi kama watu wa ua mmoja, na yeyote anayeidhani hadithi ya Fox kuwa ndoto tu angefaa kulizingatia hilo.

Iwapo kitabu hiki kitafasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri atajikwaa kwanza kwenye jambo linaloonekana dogo kabisa. Katika asili, mtoto humwita bibi huyo kwa jina, na hakuna anayemkaripia. Katika Kiswahili mtoto mdogo kumtaja mkongwe wa miaka 96 kwa majina yake yote manne ni utovu wa adabu, na mfasiri mwangalifu atashawishika kumpa mtoto neno Nyanya, au Bibi kama ni msomaji wa Pwani. Lakini akifanya hivyo atakuwa ameharibu hadithi, kwa kuwa atampa mtoto undugu ambao Fox alimnyima kwa makusudi: Bi Nancy si nyanya yake, na hana wajibu wowote kwake. Liko neno moja ambalo lingeweza kuziba pengo hili. Watu walioshirikiana jina huitana somo, na neno hilo halijali nani amezaliwa kabla ya nani. Mtoto aweza kumwita ajuza somo pasipo kuvunja heshima, na ajuza akamwitikia kwa neno lilo hilo. Wilfrid na Bi Nancy hawakushirikiana jina kwa maana kamili. Walishirikiana hesabu yake tu. Mfasiri angelazimika kulinyoosha neno kidogo, na yaelekea wahariri wangepinga. Pamoja na hayo, mtoto anayeingia na kikapu na kubisha hodi kwa neno hilo moja angemwachia mwenyeji wake jibu ambalo hata mtu aliyesahau kila kitu aweza kulirudisha, maana jibu ni lile lile aliloitwa.